Chanjo Niliyoihifadhi Mtungini

Mkisikia mtu anajigamba kwamba amefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na hakuwahi kuogopa, mjue huyo alikuwa anashinda stoo akihesabu mashuka. Mimi niliogopa. Niliogopa mwaka wa kwanza, na siku ya kukabidhi funguo nilikuwa bado naogopa. Ninyi wanangu mnaotoka vyuoni na vyeti vyenu vya kung'aa, mkinijia mkaniambia, "Bibi, sisi hatuna hofu," nitawaombea, maana hamjui mlichokishika.

Zahanati yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Mungaa, katika kijiji ambacho sitakitaja jina kwa kuwa wenyewe bado wapo na wana midomo. Nilipelekwa pale nikiwa msichana wa kliniki ya mama na mtoto, na mkubwa wangu alikuwa Mzee Hango. Huyu alianza kazi kama dresa tangu enzi za Mwingereza, akifunga vidonda vya vibarua wa barabara, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakutupa kitu. Chupa tupu, kamba, karatasi ya sabuni, vyote vilikuwa na mahali pake. Sindano za siku hizo, kama hamjui, hazikutupwa. Tulizichemsha, na zikiwa butu tulizinoa kwenye jiwe. Ukishanoa unapitisha ncha kwenye pamba. Ikinasa hata uzi mmoja, unarudia, maana uzi huo ungekuwa nyama ya mtoto. Mzee Hango alinirudisha kwenye jiwe mara nane siku ya kwanza. Mara ya tisa akasema, "Sasa mjaribie adui yako."

Kitu cha fahari pale kilikuwa jokofu. Liliendeshwa na mafuta ya taa: moto chini, barafu juu. Wazee walikuja kulitazama kama mgeni wa serikali, na mmoja wao akasema kwamba watu walioweza kuufanya moto uzae baridi watamfanya hata mbuzi atage mayai. Mzee Hango alinifundisha kupiga magoti kila asubuhi na kuuangalia moto wenyewe. Ukiwa wa bluu, shwari. Ukiwa wa njano, bomba linajaa masizi na ndani kunaanza kupata joto. Ukate utambi sawasawa, usafishe bomba, usiondoke mpaka bluu irudi. Ndani yake zilikaa chupa ndogo za unga mkavu wa chanjo ya surua, na chanjo hiyo haina msamaha. Joto likiipata inakufa, na ikifa haibadiliki rangi wala harufu. Unaichanganya na maji yake, unaivuta, unamchoma mtoto, mtoto analia vilevile kama wengine.

Niwaambie kwanza kwa nini surua ilikuwa inatutetemesha. Zamani watu wetu walikaa mbalimbali, kila mmoja na tembe lake katikati ya shamba la uwele. Surua ikiingia kwenye boma moja, mara nyingi iliishia humo humo. Kisha tukahamishiwa kijijini, nyumba zikapangwa kwa mistari, kisima kimoja, mlango unatazamana na mlango. Sisemi kwa ubaya. Bila kile kijiji tusingepata zahanati, na mama mwenye uchungu angebebwa kwenye kitanda cha kamba hadi misheni kama ilivyokuwa kwa mama yangu. Lakini surua nayo ilipata kijiji. Mtoto mmoja akikohoa kisimani asubuhi, baada ya wiki mbili mtaa mzima unaogesha watoto wenye vipele.

Na watu walikuwa na msemo wao: surua haitaki sindano. Mtoto akiugua alifichwa gizani, akakamuliwa maji ya majani machoni, na jina la ugonjwa halikutajwa kwa sauti. Kuwashawishi akina mama wamlete mtoto mzima, acheni mgonjwa, achomwe sindano ya kitu kisichotajwa, ilikuwa kazi ya mwaka. Aliyenisaidia ni mama mmoja, Zainabu, mke wa fundi cherehani. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa surua. Alikuwa na wa pili, Halima, wa mwaka mmoja na nusu hivi, mtoto wa mashavu aliyependa kunyonya kidole cha mtu yeyote. Zainabu alipita nyumba kwa nyumba, akiwaambia wenzake, "Mimi nimeshaona majani yanavyoponya. Safari hii najaribu sindano." Hakuna nesi anayeweza kusema maneno hayo yakaaminiwa hivyo.

Siku ya chanjo ikapangwa Alhamisi, mwezi wa kumi, jua linachoma hadi kwenye meno. Balozi wa nyumba kumi akatangaza. Jumatatu yake mafuta ya taa yakawa yanakaribia chini ya tangi. Duka la kijiji halikuwa na hata kijiko. Redioni tulikuwa tunasikia kwamba huko mbali wenye mafuta na wanunuzi wao wamevutana, bei imepanda. Nilidhani hayo ni mambo ya wakubwa. Sikujua kwamba watu wanaweza kugombana upande wa pili wa dunia na utambi ukazimika Mungaa. Mzee Hango akapanda baiskeli kwenda kutafuta lori la kumfikisha Singida mjini, akaniachia neno moja: "Likizimika, usifungue mlango wa jokofu."

Likazimika Jumanne mchana. Sikufungua. Lakini jokofu lile lilikuwa kuukuu, mpira wa mlango umechakaa, na jioni nilipoweka shavu kwenye bati nikalisikia limeshapata uvuguvugu. Ndipo akili yangu ya nyumbani ikaniambia jambo la busara kabisa.

Nilikuwa nimepanga kwa mjane mmoja, Bibi Anna, ambaye alikataa katakata kubomoa tembe lake la zamani. Mliozaliwa chini ya mabati hamjui ubaridi wa tembe. Paa la udongo, kuta nene, giza. Kwenye kona moja Bibi Anna alifukia mtungi wa maji hadi shingoni, na juu yake alining'iniza kibuyu cha maziwa. Maziwa yaliyokamuliwa asubuhi yalikaa pale hadi kesho yake bila kuchacha. Mimi mwenyewe nililelewa kwa maziwa ya kona kama ile. Basi nikazifunga chupa za chanjo kwenye mfuko wa nailoni, nikauzamisha mtungini. Nilijipongeza. Nilisema wazungu wana jokofu, sisi tuna bibi zetu.

Alhamisi asubuhi nikatia mkono mtungini. Baridi. Chupa zilikuwa baridi kwenye kiganja. Nje, akina mama walikuwa wameshajaa barazani, wengine wametembea tangu alfajiri, watoto migongoni. Zainabu alikuwa mbele kabisa na Halima. Mzee Hango hakuwa amerudi.

Wanangu, nilijua. Nataka niliseme wazi kwa sababu nimesikia watu wakinitetea kwamba sikufundishwa. Nilifundishwa. Chuoni walituambia baridi ya chanjo si ya kiganja, ni ya kipimajoto, na kipimajoto changu kilikuwa ndani ya jokofu lililozimika, kikisoma joto la aibu. Ningeweza kukitia mtungini nikasoma. Sikukitia. Niliogopa kitakachosema. Niliwatazama wale akina mama nikawaza, nikiwarudisha leo, watasema waliyoyasema siku zote, na hawatarudi tena. Nikachanganya, nikavuta, nikachoma. Halima wa kwanza. Nikawaandika wote kwenye daftari la chanjo, nikawapa kadi zao.

Mzee Hango alirudi Ijumaa na debe la mafuta, uso umejaa vumbi jekundu. Akauliza chanjo ziko wapi. Nikamwambia zimekwisha, watu waliitikia. Alifurahi sana. Alinishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Binti, umefanya kazi." Hakuuliza jokofu lilizimika lini, nami sikumwambia. Tangu siku hiyo nikawa nawapeleleza watoto wote. Mtoto akikohoa barabarani, nasimama. Nikiona macho mekundu, nauliza ni vumbi au ni nini. Watu walidhani nina bidii.

Niruke kidogo, nitarudi. Miaka mingi baadaye nilipelekwa semina Dodoma, na daktari mmoja mwanamke kutoka Ulaya akatufundisha habari za surua. Akasema kwao, alipokuwa mdogo, surua ilikuwa ugonjwa wa kukaa nyumbani. Mtoto analazwa, anavutiwa pazia, anapewa supu, wiki ijayo yuko shuleni na wivu wa wenzake waliokosa likizo. Tulicheka kwa mshangao. Kisha nesi mwenzangu wa Iguguno, mama mnyamavu, akainua mkono akauliza, "Na wale mnaowazika?" Yule daktari akapekua karatasi zake. Akasema wapo, lakini wachache sana.

Mdudu ni yule yule, wanangu. Hana daraja la kwanza na la tatu. Akiingia kwa mtoto aliyeshiba, mwenye nafasi ya kulala peke yake, na hospitali iko mwendo wa dakika kumi, anamsumbua na kuondoka. Akiingia kwa mtoto aliyekula uji mtupu tangu mavuno yaishe, analala na wenzake watano chumba kimoja, na dawa ya macho iko Singida kama lori lina petroli, hapo anachimba kaburi au anachukua jicho. Ndiyo maana nacheka kwa uchungu ninapowasikia vijana wa semina wakisema watu wa vijijini wanakufa kwa sababu ya imani potofu. Imani potofu zipo. Mimi nilikuwa nayo ya mtungi, na nilikuwa na cheti.

Turudi kijijini. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, watu wako kwenye kulima, tukasikia surua imeingia kijiji cha pili, ng'ambo ya mbuga. Asubuhi moja Zainabu akapita zahanati, khanga imefungwa kiunoni, Halima mgongoni, kifurushi kichwani.

"Shikamoo, Mzee Hango. Dada Monika, hujambo?"

"Sijambo. Safari ya wapi?"

"Kwa kaka. Wanawe wawili wameshikwa na ule ugonjwa, mkewe ndio kwanza amejifungua. Nakwenda kumsaidia kuwauguza."

"Na Halima?"

Akacheka. "Halima si amechanjwa? Wewe mwenyewe ulimchoma. Wengine wanaogopa kwenda kule, mimi nimewaambia ninayo kadi."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Mzee Hango alikuwa pale pale mezani anakata bandeji. Maneno yaliyotoka ni, "Haya, nenda salama." Halima alinipungia mkono kwa juu ya bega la mama yake, wakashika njia ya mbugani.

Nilirudi ndani kuchemsha sindano. Nilifunika sufuria na kuiweka motoni, sindano nikaziacha mezani. Mzee Hango akauliza, "Una homa?" Hapo nikamwaga yote: jokofu, mtungi, kiganja, kipimajoto. Nililia na hata kamasi sikufuta.

Hakunipiga, hakunitukana. Aliufunga na kuufungua ule mkasi wa bandeji. Mwisho akasema, "Mimi nimesifiwa wilaya nzima kwa kutotupa kitu. Hiki ungetupa." Kisha akasimama. "Chukua baiskeli yangu. Mfuate. Mimi nakwenda kwa balozi, nitawaambia akina mama kabla hawajawapeleka watoto wengine ng'ambo."

Njia ya mbugani ilikuwa tope, baiskeli nikaibeba zaidi kuliko ilivyonibeba. Nilifika jua limepinduka. Ndani ya nyumba ya yule kaka mlikuwa na giza, watoto wawili wamelala kwenye ngozi, macho yameganda, na Halima ameketi katikati yao ananyonya kidole cha mkubwa. Kilikuwa kidole cha mgonjwa. Naona kile kidole hadi leo.

Nilimwambia Zainabu pale pale mlangoni. Sikutafuta maneno mazuri. Nilisema, "Ile sindano ilikuwa imeharibika. Halima hana kinga. Nilijua nikanyamaza."

Nilitegemea kofi. Alinitazama, akatazama ndani, akaingia, akamtoa mtoto kidole mdomoni, akamfunga mgongoni. Alishika njia ya kwao bila kunisubiri. Nami nilisukuma baiskeli nyuma yake, na kila Halima alipogeuka kunitazama nilitazama matope.

Surua haitokei siku ya kuambukizwa. Inajificha siku kumi, pengine kumi na mbili, ndipo inaanza na mafua na macho mekundu. Mzee Hango aliandika barua wilayani kuomba chanjo haraka, maana ikiwahi ndani ya siku chache inaweza kumwokoa mtoto. Barua ikaenda na mwalimu aliyekuwa anasafiri. Jibu lilikuwa kwamba chanjo zimekwisha, zinasubiriwa kutoka nje, na gari la kuzileta halina mafuta. Nilisoma ile karatasi nikaona mambo yote yamekaa humo: nchi zinazotengeneza, nchi zinazosubiri, na mtoto mmoja anayenyonya vidole. Hakuna aliyemchukia Halima. Alikuwa tu mwisho wa foleni ndefu ambayo hakuipanga.

Nilikwenda kwao kila siku asubuhi na jioni. Zainabu alinifungulia mlango, akanipa kigoda, akarudi kwenye kazi zake. Nilimpima mtoto joto. Siku ya tano, hakuna. Ya nane, hakuna. Ya tisa nikaanza kumwomba Mungu kwa jeuri, nikimwambia amebakiza tatu tu. Hofu ya siku zile ilikuwa na ladha, nilikuwa naisikia nyuma ya ulimi kama nimelamba ufunguo. Siku ya kumi na moja asubuhi Halima alipiga chafya mara mbili. Alipoinua uso, macho yalikuwa mekundu.

Sasa niwape ujuzi, kwa sababu huu ndio uliomwacha hai. Tulimwanika kwenye hewa, hatukumficha. Tulimpa uji wenye maziwa na karanga kidogo kidogo hata alipokataa, na maji kila mara. Macho tulimwosha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, na nilikesha mlangoni kama askari kuzuia bibi zake wasimkamulie majani. Kifua kilipobana, Mzee Hango alimpa dawa ya mwisho tuliyokuwa nayo kabatini. Usiku wa tatu wa vipele alipumua kwa kukoroma, na Zainabu alimshika miguu akiita jina la yule wa kwanza, aliyezikwa. Alikosea majina, na sikuthubutu kumsahihisha.

Halima alipona. Jicho la kushoto halikupona. Lilibaki na utando mweupe, na huko kwa mjomba wake alizikwa mtoto mmoja kati ya wale wawili.

Mzee Hango alikuwa ameshawaambia akina mama wote, na mkutano wa kijiji uliniita. Nilisimama mbele ya watu nikasema nilichofanya. Wengine walichana kadi mbele yangu. Sikuhamishwa, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuletwa. Nilibaki, na nilikuwa nikimwona Halima kisimani akigeuza kichwa chote ili anione kwa jicho lililobaki.

Chanjo nyingine zilipofika, walikuja wachache. Mwaka ukazunguka na zaidi. Siku moja ya kliniki nikainua macho nikamwona Zainabu kwenye benchi, nyuma kabisa, na mtoto mwingine mapajani, mvulana wa miezi tisa. Nilitamani niitwe nje. Foleni ikasogea hadi ikamfikia.

Hakumtoa mtoto. Aliniuliza, kwa sauti ya kawaida mbele ya wote, "Siku ile, kwa nini hukutuambia imeharibika?"

"Niliogopa," nikasema. "Niliogopa mkiondoka hamtarudi."

"Dada Monika, mimi nilishazika. Wengi wetu tulishazika. Ungesema tu, 'Imeharibika, njooni wiki ijayo.' Tungerudi."

 Nilikuwa nimewahurumia, nimewafundisha, nimewapenda hata, lakini sikuwahi kufikiri kwamba wangeweza kuambiwa ukweli. Nimekaa kwenye semina nyingi tangu hapo, na mara nyingi wakubwa wakipanga habari za watu kama Zainabu, nasikia hofu ile ile ikizungumza kwa maneno makubwa.

Niliirudisha sindano kwenye sahani. Mzee Hango akaona, akanyoosha mkono ili aichukue.

Zainabu akaufunua mkono wa mtoto, akausogeza kwangu. "Hapana, mzee," akasema. "Achome yeye."